Raba Zinazobeba Injini

Jumanne, 14 Januari

Gari imenipiga tena leo. Nikitia gia ya kurudi nyuma, injini inaruka na kugonga bodi, ngo! chini ya miguu yangu. Usukani unatetemeka mpaka meno. Nimefika kituo cha afya Uroa mikono imekufa ganzi. Nilikaa dakika kumi nikiisugua kabla ya kushika sindano. Mkunga asiyeweza kushika sindano!

Wajawazito kumi na tisa. Joto. Wawili wamegombana kwenye foleni, nusura washikane nywele.

Nikirudi nimempitia fundi Makame, nyuma ya nyumba yetu Ng'ambo. Akafunua boneti, akanambia nikanyage breki, nitie gia ya mbele, halafu ya nyuma. Injini ikanyanyuka kama mbuzi aliyeona kisu. Makame mwenyewe alirudi hatua.

"Bi Rukia, mauntingi zote tatu zishakufa."

Yaani zile raba zenye vyuma zinazobeba injini. Mpira umepasuka na kuachana na chuma, injini inaning'inia kwa huruma tu. Gari ina miaka ishirini. Nimeipiga teke la mlango. Kidole gumba cha mguu kimevimba.

Jumatano, 15 Januari

Makame anataka nisubiri. Jamaa yake mmoja hufungua mzigo wa vyuma vya mtumba kutoka Japani, lakini si kabla ya wiki mbili. Anasema raba ya asili iliyokwisha kutumika inashinda mpya ya bandia. Kanifundisha kuchagua. Bonyeza mpira kwa ukucha, tazama unarudi au haurudi. Tazama pale mpira unapogandana na chuma. Ukiona ufa hata kama unywele, weka chini. Usitazame weusi wala mng'aro.

Nimemsikiliza. Sitaki kusubiri wiki mbili. Kila siku kwenda shamba Uroa na kurudi, kila shimo la barabarani ni ngumi ya mgongo. Nimechoka kupigwa.

Alkhamisi, 16 Januari

Nimekwenda dukani kwa Seif, muuza vipuri. Akaniwekea aina tatu mezani. Za mtumba, mbili zina ufa. Za mpira mgumu kama pembe, ambazo zingenitikisa zaidi ya hizi. Na mpya, ndani ya maboksi, nyeusi, zinanuka upya.

Nimechukua mpya.

Makame alizigeuza mkononi, akabonyeza, akasema, "Haya." Basi. Akazifunga kwa hasira mpaka spana ikateleza ikamchana ngozi ya mkono. Hakutaka nimfunge bandeji. Alipowasha, gari ilinyamaza kama si ile. Nimezunguka nayo mtaani mara mbili bila sababu, nikicheka peke yangu.

Jumatano, 22 Januari

Gari nzuri. Namchokoza Makame: kila nikimwona napiga honi. Anainamia kazi yake.

Jumatatu, 27 Januari

Niandike sasa au nisiandike tena.

Mama mmoja, jina lake Tatu, mimba ya kwanza, miaka ishirini na mbili. Uchungu tangu alfajiri. Saa nne mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Gari ya wagonjwa ilikuwa imeshampeleka mwengine mjini. Nikasema tunakwenda na yangu. Mimi nilisema. Tatu nyuma, kichwa mapajani mwa mumewe, Haji. Mimi usukani.

Tumepita Chwaka nikiendesha kama mwendawazimu. Tatu anapiga kelele, anampiga mumewe ngumi za uso, Haji anazipokea. Kabla ya Dunga nikaingia kwenye shimo. Mlio kama mfupa unaovunjika. Injini ikalala upande, shafti ikachomoka, nikikanyaga mafuta gari inanguruma tu, haiendi.

Nikamzalisha pale pale, kiti cha nyuma, mlango wazi, jua linatuchoma. Kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Mtoto wa kiume. Hakulia. Nikampulizia pumzi, nikamsukuma kifua kwa vidole viwili, nikampulizia, nikamsukuma. Lori la mchanga likasimama. Niliendelea ndani ya lori. Niliendelea mpaka mlango wa hospitali. Mtu alinishika mikono akaniondoa.

Daktari anasema nusu saa mapema ingeweza kumwokoa. Halafu akasema labda isingemwokoa. Nilitaka kumpiga kwa hilo labda.

Damu imekauka kwenye kucha. Haitoki.

Jumanne, 28 Januari

Wamemzika asubuhi Uroa.

Nimekwenda na Makame kuikokota gari. Akaingia chini, akatoka na mauntingi ya upande wa giaboksi. Mpira umebanduka wote kwenye chuma. Haukupasuka. Umebanduka, kama gundi ya kiatu. Siku kumi na moja tu.

Haji akatokea kwa baiskeli. Ni mwashi, nyundo yake ilikuwa kwenye karia. Hakusalimia. Akavunja kioo cha mbele. Akavunja taa. Akazunguka, akavunja kioo kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayefanya kazi ya kulipwa. Makame alitaka kumshika, nikamzuia. Alipomaliza vioo akanijia na nyundo mkononi. Sikukimbia. Nilitaka anipige. Nasema kweli, nilitaka.

Akaitupa nyundo kichakani akakaa chini barabarani. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa mwanamme.

Jumatano, 29 Januari

Nimempiga Seif.

Niliitia ile mauntingi mkobani, nikatembea mpaka dukani. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Karibu, dada." Nikaitoa nikampiga nayo ya mdomo. Chuma, kilo nzima. Akaanguka na kiti. Nikampiga tena, begani. Alinishika mtandio akanivuta, akanizaba kofi masikio yakavuma, nikamng'ata mkono. Ladha ya damu yake na chai ya tangawizi. Wateja wakatutenganisha. Meno yake mawili yako sakafuni, moja limezama kwenye chai iliyomwagika.

Niliona raha. Naiandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Mikono hii inapokea watoto, na niliona raha.

Polisi wameniambia nirudi kesho.

Alkhamisi, 30 Januari

Nilikwenda nimejipanga. Mauntingi kwenye mfuko, Makame shahidi. Nikamweleza afande kila kitu: Seif kauza kitu cha bandia, mtoto kafa. Nilisema vizuri. Mpaka afande alitikisa kichwa kwa huzuni.

Seif alikaa kwenye benchi, mdomo umevimba kama papai. Alisubiri nimalize. Halafu akanambia mimi, si afande:

"Bi Rukia, nlikwambia nini siku ile?"

Nikaukunja mdomo wa mfuko.

"Nlikwambia hizi ni za gari ya kuzunguka mjini. Si za kwenda shamba kila siku. Nkakwambia subiri. Nlikwambia au sikukwambia?"

Aliniambia. Alishika boksi, hakunipa mkononi, akasema maneno hayo hayo, nami nikalichukua kwa kulivuta. Nimerudi kusoma nilichoandika siku ile. Sikuandika. Hata humu ndani, ambamo hakuna wa kumficha, nilijificha mimi.

Makame alikuwa ananitazama. Alikuwa hajui.

Nikasema, "Aliniambia."

Afande akauliza kama Seif anataka kufungua kesi. Seif akapangusa damu mdomoni. "Mwacheni. Nami nliziweka mezani. Ningekuwa nna akili nisingeziweka."

Ningependa wangenifunga. Nimetoka nimetapika nyuma ya kituo. Makame alisimama mbali, amenipa mgongo, mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 1 Februari

Makame amebisha hodi asubuhi. "Mzigo umefunguliwa. Twende."

Nikasema sitaki gari tena. Akasema wanawake wa Uroa hawataacha kuzaa kwa sababu mie sitaki gari. Alisema kwa ukali. Nikavaa viatu.

Lundo la vyuma uani, mafuta meusi, kutu. Nimekaa kitako chini na buibui langu. Nimebonyeza moja moja kwa ukucha. Hii mpira wake haurudi, weka chini. Hii ina ufa, weka chini. Hii imevuja mafuta yaliyomo ndani ya mpira, weka chini. Saa tatu nzima. Nimekatwa na chuma mara mbili, nimefurahi kukatwa. Makame hakunisaidia kuchagua. Nikipata moja nilimpa, akaitazama juani, akanirudishia. Ya tano ndiyo aliyoiweka mfukoni.

Tumepata tatu. Kongwe, kijivu, mbaya kuzitazama. Mpira wake hai.

Akazifunga mwenyewe jioni. Nilimshikia taa. Vioo vya nyuma tumeweka nailoni, kioo cha mbele cha mtumba. Alipowasha, gari ilitetemeka kidogo, kama kawaida ya gari ya zamani. Sikucheka.

Jumatatu, 3 Februari

Tatu amekuja kituoni kwa miguu, peke yake. Maziwa yamemjaa. Kifua kigumu kama jiwe, kanga imelowa mbele. Nimemlaza kitanda cha dirishani, nimemwekea vitambaa vya maji baridi, nimempa vidonge vya maumivu. Kila kitambaa kikipata joto nabadilisha.

Nilimwambia nikiwa nakamua kitambaa, ili nisimtazame. Kwamba zile raba nilizichagua mimi. Kwamba nilionywa na fundi, nikaonywa na muuzaji, sikutaka kusikia. Kwamba kumpakia kwenye gari ile nilimpakia mimi.

Alikuwa anatazama dari. Hakulia. Mjusi alipita mpaka pembeni, akarudi.

"Nshakusikia, Bi Rukia."

Nikambadilishia kitambaa.

Alilala mpaka adhuhuri. Nilimletea uji, akanywa nusu. Alipotaka kuondoka jua lilikuwa kali, nikasema nitampeleka. Tukatoka. Akafungua mlango wa nyuma, akasimama hapo ameushika. Kiti nimekisugua kwa sabuni mara nne. Nilitazama miguu yangu.

Akaufunga mlango, taratibu. Akazunguka, akaja kukaa mbele, karibu yangu.