Konzi ya Unga kwa Ajili ya Monika

Kambini Geita,
Jumatatu baada ya Jumapili ya Matawi

Mwanangu Monika,

Mwangaluka, ng'wanone, mtoto wangu. Na kama barua hii inakufikia jioni, basi mwadila. Kabla ya neno jingine lolote nakuuliza hali yako, wewe na huyo uliyembeba. Miguu bado inavimba? Unakula? Unalala kwa ubavu kama nilivyokuagiza? Au ameshatoka, nami huku nauliza habari za jana?

Namuuliza Bibi yako, mama mkwe wangu, hali yake. Mpe shikamoo yangu, na umwambie nimeiandika nikiwa nimepiga goti kweli, ndiyo maana mstari huu umepinda. Goti lake yeye, lile la kushoto, linasemaje na mvua hizi? Namuuliza Baba yako mdogo Zakaria, kama pamba imeshapaliliwa au bado anangoja magugu yachoke yenyewe. Namuuliza mdogo wako Tereza, tuliyemwacha hapo Didia kwa ajili ya shule, kama anamsaidia Bibi kuteka maji au anajificha nyuma ya kitabu. Namuuliza mkwe wangu Silivesta, aliyekurudisha kwetu ili mtoto wa kwanza azaliwe nyumbani kwa mama yake, na baiskeli yake namuuliza, kama bado ina pumzi. Ng'ombe mwekundu amezaa?

Sisi huku tu wazima. Baba yako anakohoa kidogo vumbi la shimoni huku mgodini, lakini anakula na anatania watu, kwa hiyo haumwi.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe, maana najua unatazama njia. Bibi yako pia anatazama njia, naye anasema, huyu mke wa mwanangu alisema atakuja kabla ya Pasaka kumshika mtoto wake, yuko wapi? Monika, niko hapa hapa Geita. Sikuja. Nimekaa kwa sababu, na sababu yenyewe nataka uisikie kwangu mimi, usiisikie kwa mtu.

Jumatano ya Majivu Katekista wetu Anselmi alituambia sisi wanawake wa kigango, kila mama anapotaka kusonga ugali atoe kwanza konzi moja ya unga, aiweke kando. Siku ya Pasaka tungewapa maskini. Likatafutwa debe lenye kifuniko, likawekwa kwangu, chini ya kitanda, kwa kuwa mimi nakaa nyumba ya mwisho na sina watoto wadogo wa kuchezea vitu. Kila jioni walikuja, mmoja na bakuli, mwingine na unga kwenye ncha ya kanga.

Mimi nikafanya langu. Nilitoa konzi ya Kwaresima, halafu nikatoa nyingine, nikisema moyoni, hii ni ya Monika. Na siku niliyoota ndoto mbaya nilitoa ya tatu. Ugoro nao niliuacha, na unajua ninavyoupenda. Nilikuwa najiambia, debe likijaa mpaka juu, mwanangu atajifungua salama. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ni akili ya mama aliye mbali, haina pa kukaa.

Baba yako aliona sahani inavyopungua. Jioni moja aliinamia ugali akautazama, akaniambia, "Mama Monika, huu ugali nao umefunga?"

Nikamwambia, "Kula, Baba Monika. Ni Kwaresima."

"Mimi nimefunga nyama siku ya Ijumaa kama nilivyoambiwa. Lakini nyundo ya shimoni haijabatizwa, haijui Kwaresima."

Tulicheka, lakini konzi sikupunguza.

Mzigo wangu wa kuja kwako ulikuwa tayari. Kanga mbili mpya, vitambaa laini vya kumfunga mtoto nilivyovishona kwa mkono pindo kwa pindo, karanga, na sabuni. Mpango ulikuwa nipande lori linaloleta posho ya chakula, linaporudi kivukoni, nivuke Mwanza, nipande gari moshi mpaka Shinyanga. Basi mvua ikaja. Hapa haikunyesha, ilimwagwa. Daraja la mtoni likaenda na maji, na lori halikuja. Jumamosi ya posho ikapita watu wamesimama na mifuko mitupu. Na ya pili ikapita. Wanawake wakaanza kuchuma mboga za porini, na wanaume wakaingia shimoni na uji mwepesi tumboni.

Katika siku zile Hadija akashikwa na uchungu. Huyu humjui. Ni mke wa kijana mmoja Rashidi anayefanya kazi pamoja na baba yako, Waislamu, wametoka Ujiji. Chumba chao na chetu ni ukuta mmoja. Msichana mdogo, umri wako, mimba ya kwanza, mama yake yuko huko huko Ujiji wala hajui kama kambi hii iko wapi. Dresa wa kambi, yule anayetutibu, alikuwa amevuka mto kabla ya mvua, hakuweza kurudi. Nikaitwa mimi, maana hapa mimi ndiye mtu mzima.

Alizaa asubuhi, mvua ikiwa imeshika bati hata hatusikilizani. Mtoto wa kike, mdogo, mzima. Lakini Hadija alitoka damu nyingi na nguvu zikamwisha. Mtoto ananyonya, maziwa hakuna. Nikamwuliza Rashidi, "Kuna nini cha kupika?" Akageuza mfuko nje ndani, akautikisa. Halikudondoka hata vumbi la unga.

Monika, nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani, na chini yangu lipo debe. Nilikaa hapo muda. Nilijua nitakalofanya, ila mikono ilikataa. Nilikuwa naona kwamba nikilifungua, nakuondoa wewe humo.

Mama Gaudensia, ambaye kati yetu hakuna anayemshinda kwa kufunga, alikuwa mlangoni. Akaniambia, "Usilishike. Hicho ni cha Mungu mpaka Pasaka. Katekista hayupo, yuko misioni ng'ambo ya mto, utamwuliza nani?"

"Nitamwuliza akirudi."

"Ukishapika? Na huyo si wa kanisa letu."

"Mama Gaudensia, tumbo lake ni la kanisa gani?"

Akageuka akaenda zake. Nikavuta debe, nikafungua. Unga ulikuwa umefika shingoni, mweupe, unanukia vizuri. Nikachota nikapika uji mzito, nikampa Hadija kwa kijiko, namshika kichwa. Alipomaliza bakuli alilala. Sikutoka. Mtoto alikuwa amefungwa kipande cha gunia, basi nikaufungua na ule mzigo wako. Vile vitambaa vyote vimemwendea yeye, na kanga moja. Nilikuwa nalia, lakini si kwa huzuni sana. Nilisema, Bwana, huyu ni mtoto wa mama mwingine, naye mama huyo hayupo. Wangu yuko Didia, nami sipo. Tazama mwenyewe.

Jioni Mama Gaudensia akarudi, uso umenuna, na karanga zilizotwangwa kwenye kikombe. Akaziweka chini. Akasema, "Sijasema nimekubali. Nimesema uji bila karanga si uji." Tangu hapo hakuondoka. Yeye ndiye aliyekuwa akimkanda Hadija kwa maji moto na kumgombeza asilale bila kunyonyesha. Watoto wa mstari wetu wa nyumba walisikia harufu wakaja na vibakuli, tukawapa nao. Debe likawa linashuka, na maziwa ya Hadija yakawa yanapanda. Siku yalipotoka ya kutosha, mtoto alinyonya mpaka akakoroma, na Mama Gaudensia akapiga kigelegele katikati ya Kwaresima, halafu akajiziba mdomo.

Jumamosi, kabla ya Matawi, tukasikia honi ng'ambo ya mto. Lori la posho. Daraja bado hakuna, lakini maji yalikuwa yamepungua, yanafika kiunoni. Wanaume wote wa zamu iliyotoka wakashuka wakavuka, wakabeba magunia kichwani, wanaimba kama wanalima shamba la mtemi. Baba yako, mzee yule, akabeba pia, akaangukia matopeni, gunia halikuguswa na maji hata tone. Analisimulia hilo mpaka sasa.

Dereva akatuma neno kwamba atageuza upesi, na kama mke wa Baba Monika bado anataka kwenda kivukoni, avuke, nafasi ipo.

Mwanangu, nilikimbia nyumbani. Nilifunga kile kilichobaki cha mzigo. Nikaenda kumuaga Hadija, nikamkuta ana homa, macho yamekuwa mazito, na mtoto kifuani. Hakusema nisiende. Alisema tu, "Mama, nisalimie Monika." Jina lako analijua, nimelitaja sana pale. Mama Gaudensia ana watoto wengi na mumewe yumo kitandani anaumwa mgongo. Nikasimama mlangoni, mguu mmoja nje mmoja ndani.

Baba yako akaja, matope mpaka masikioni. Akamtazama Hadija, akanitazama mimi. Akasema, "Mama Monika, ukienda, nenda. Ukikaa, kaa. Ila usisimame mlangoni, mbu wanaingia."

Nikakaa. Lori likaondoka, nililisikia likipanda kilima.

Sitaki udhani nilimpenda mtoto wa watu kuliko wewe. Nilikaa kwa sababu yako. Kama ningemwacha huyu na homa yake, ningekuja Didia na uso gani nikaombe nawe usiachwe?

Katekista Anselmi alivuka pamoja na magunia. Nilimwendea kwa hofu, nikamweleza habari ya debe. Akaniuliza, "Mlimpikia nani?" Nikasema, "Mzazi, na watoto." Akasema, "Basi unanieleza nini?" Hapo nikamweleza na zile konzi zako, na ndoto, na debe likijaa. Hakunicheka. Alisema, "Mama, Mungu hauziwi unga. Neema yake ni ya bure. Ingekuwa inauzwa, sisi wa kambi tungeipata wapi?" Akaniambia nimwombee Monika kama mtu anayeomba kwa baba yake, si kama mtu aliye sokoni.

Ng'wanone, tangu pale nalala. Nilikuwa nimechukua mzigo wako wote kichwani, kumbe mwenyewe aliyeumba alikuwa ameushika. Bado nina wasiwasi, unanijua, lakini ni wasiwasi wa mama tu, hauninyimi tena pumzi.

Homa ya Hadija ilishuka jana, Jumapili yenyewe ya Matawi. Dresa amerudi, amempa dawa, anasema atakuwa mzima. Tulipotoka kigangoni na matawi ya mikindu tukipita mbele ya nyumba, alikuwa amekaa nje juani na mtoto, amemfunga kitambaa chako kile chenye pindo la bluu. Jina alilopewa na baba yake ni Zuhura, lakini kwa kuwa alizaliwa mvuani sisi tunamwita Kabula, na Rashidi mwenyewe ameshaanza kumwita Kabula bila kujua. Baba yako anasema angeitwa Debe, ndiyo haki yake. Wanawake wameanza tena kuleta konzi, debe lina unga chini kidogo, na Pasaka hii tutampa yeyote atakayekuja, hata likiwa nusu. Mimi natoa moja tu. Ugali wa baba yako umenenepa, amesema umefufuka kabla ya wakati.

Rashidi amemwandikia mama mkwe wake aje kumtunza Hadija, na daraja likipona nitakuja na lori la kwanza baada ya Pasaka. Wewe usiningoje. Uchungu ukianza, usijifiche ukavumilia peke yako. Mwambie Bibi mara moja. Na Silivesta akisema twende hospitali ya Kolandoto, panda hiyo baiskeli mapema, kabla mvua haijafunga njia. Kunywa uji. Usinyanyue mtungi. Ugomvi wowote uliopo hapo uuache nje ya ua.

Nisalimie Bibi yako tena, kwa goti. Nisalimie Baba yako mdogo Zakaria na mkewe, Tereza msomaji wangu, na mkwe wangu Silivesta, mwambie moyo wangu umetulia kwa kuwa uko naye. Msalimie na mama wa jirani anayetusukia vikapu. Baba yako anakusalimu, amesema niandike kwamba yeye hana wasiwasi hata kidogo, lakini tangu asubuhi ameniuliza mara nyingi kama nimeshaandika.

Sasa neno la mwisho. Kama umeshajifungua barua hii inapofika, basi yuko mama fulani hapo aliyekupikia uji wa kwanza akakushika kichwa. Awe Bibi, awe jirani, awe mtu wa dini yoyote, mwambie mama yake Monika amesema wabeja, asante sana. Halafu niandikie upesi, usingoje kupata karatasi nzuri, hata kipande, umpe yeyote anayekuja Mwanza. Niandikie mtoto ni nani, na yule mama aliyekupikia anaitwaje, maana nataka kumtaja kwa jina lake siku ya Pasaka.

Ni mimi mama yako mzazi, ninayekutazamia kutoka upande huu wa mto,

Mama Monika