Muhuri wa Wifi

Jumatano, 6 Machi
Wifi ametuma vidokezo kwenye grupu la matembezi. Amesahau kunitoa! Kisanduku kimefichwa kando ya ziwa. Jumapili wakitafute, wakifungue, kila mtu agonge muhuri uliomo kwenye kadi yake. Mchezo wenyewe niliwafundisha mimi — nilipokuwa kiongozi. Kabla wifi hajamwambia kaka yake kwamba kila tukitembea nabaki nyuma na fundi baiskeli. Fundi baiskeli! Hata chai sijawahi kunywa naye. Mume wangu akafungasha, akahamia kwa mama yake. Wifi akachukua uongozi.

Haya. Amesahau pia kazi yangu ni nini.

Alhamisi, 7 Machi
Dukani kwetu, tunakochonga mihuri, kimya. Nikachukua kipande cha mpira na kisu kidogo, nikachonga neno moja: MWONGO. Herufi kinyumenyume, kama mihuri yote. Juu yake uso wa wifi, na lile pengo la meno. Nikaupaka wino, nikaujaribu. Mwenyewe kabisa! Bosi akauliza ni oda ya nani. Nikasema ya familia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeaga mapema, eti kichwa. Nikaanzia kwenye gati la mashua za kukodi, maji mkono wa kushoto, kama alivyoandika. “Ukikuta benchi lililovunjika mgongo, lipe wako.” Nikacheka peke yangu. Ana akili, mshenzi yule. Nikaligeuzia benchi mgongo, nikaona kinjia kati ya matete. Halafu: “Mti unaokunywa. Mguu wake mkavu.” Nikafuata mti usio wenyewe, nikazama tope hadi magotini, kiatu kikabaki humo. Nikamlaani yeye na ukoo — si ukoo wote.

Mti wenyewe uko mbele, umeinamia ziwa. Kisanduku kilikuwa chini ya mzizi wa upande wa nchi kavu, kimefunikwa mawe. Ndani muhuri wake: bata. Anafanana na soksi. Nikautoa, nikaweka wangu.

Nikasita kidogo. Watu watacheka, na huyu nilimsuka nywele siku ya harusi yake. Kisha nikakumbuka kulabu ya mlangoni, tupu, pale koti la mume wangu lilipokuwa likining'inia. Nikarudisha mawe, moja baada ya jingine, vizuri kuliko yalivyokuwa.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda. Hakuna aliyenialika, ila ziwa si la wifi.

Walifika wote, mume wangu amemshika mama yake mkono. Wifi, kwa madaha, akampa mama heshima ya kugonga wa kwanza. Sikulipanga hilo! Nilitaka agonge mwenyewe. Mama mkwe akagonga, akasogeza kadi karibu na macho.

“Mbona huyu ni wewe, mwanangu?”

Kisha akasoma, polepole, kwa sauti. Fundi baiskeli akaguna. Wengine wakatazama maji. Mume wangu akanitazama mimi — anaujua mkono wangu.

“Ni wewe?”

“Ni mimi. Sasa muulize aliyechorwa kwa nini.”

 Mama hakumgombeza wifi. Alimwangalia tu, mpaka yule akainamisha kichwa. Halafu mama akanionyesha mimi, akasema, “Twende nyumbani kwa huyu. Sote.”

Basi wapo hapa. Mama na mume wangu wamekaa uani. Wifi ametumwa ndani azungumze nami, na mimi nimejifungia chumbani, naandika. Amegonga. Analia.

“Wifi yangu, fungua basi. Nilisema uongo. Nilikuonea wivu. Nisamehe.”

Ameyasema kwa kunong'ona, mdomo kwenye tundu la kitasa.

Nimemwambia sisikii. Nimemwambia apaze sauti, kaka yake yuko mbali.

 Anapumua tu. Funguo ziko mkononi mwangu, na siinuki.