Mbegu ya Mama Si Uji

Mandawa, Ruangwa,
Wilaya ya Nachingwea.
7 Agosti 1983

Mpendwa mdogo wangu Lukumani,

Salaam alekum. Natumaini hujambo, na mkeo Fatu hajambo, na miguu yenu haijaota sugu kwa foleni ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Sisi huku wazima. Goti langu linauma asubuhi, likipata jua linatulia. Hukuuliza, lakini nakwambia.

Barua yako ameileta Mikidadi, yule dereva wa lori la korosho, pamoja na magunia mawili matupu. Unataka nikujazie moja mtama na jingine mbaazi, uweke akiba ndani, kwa kuwa chakula chetu hakina madawa na kinakaa mwaka mzima. Leo umeyajua hayo. Juzi mtama ulikuwa chakula cha kuku.

Wewe likizo yako ya mwaka wa themanini umeisahau, mimi sijaisahau. Nilikwenda Naipingo msibani siku tatu. Niliporudi nilikuta jiko limepakwa chokaa, masizi yamefagiliwa yote, na Fatu ameniwekea bakuli la uji, kalifunika vizuri. Nilikuwa na njaa ya safari. Nikanywa, nikasifu. Ndipo nikainua macho juu ya mafiga, nikaona kamba za mashuke ya mbegu ya mtama hazina kitu.

Mashuke yale mliyaona uchafu tu, meusi kwa moshi. Moshi ndio unaofukuza fukusi wasitoboe punje, Lukumani. Mama aliyachagua shambani moja moja kila mavuno, na hakuna aliyeyatungua ila yeye, siku ya kupanda. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa aliacha kinu na vyungu, akajitwika mbegu. Mwaka wa njaa tulikula ming'oko, mizizi ya porini, mpaka midomo ikachubuka, mashuke yananing'inia juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Ulikuwepo. Ulikuwa na akili zako.

Na mimi nimeinywa mbegu ya mama kwa mkono wangu. Hilo sijakusamehe.

Ile mbegu ya mahindi ya dukani uliyoniletea kunifuta machozi, niliipanda. Ilizaa, sikatai. Kabla ya Desemba fukusi walikuwa wameigeuza unga ndani ya kihenge, na wewe ulikuwa umekwisha rudi Dar.

Nikaenda kwa miguu mpaka Ruponda, kwa shangazi Mwanakheri, ambaye alipoolewa alipewa na mama mbegu ile. Alikuwa amebakiwa na mashuke matano. Akanipa mawili. Akauliza jambo moja tu, kama uji wenyewe ulitiwa sukari. Nikakiri kuwa ulitiwa.

Mwaka wa kwanza sikula hata punje, yote niliirudisha juu ya meko. Mwaka huu nimepanda nikichanganya na mbaazi na kunde kama mama, sikuchoma shamba, majani ya mbaazi yakaanguka yakawa mbolea. Kihenge kimejaa. Mashuke matano nimempelekea shangazi. Alikuwa amenipa mawili, lakini kwa aibu yetu hata kumi yasingetosha.

Kwa hiyo magunia yako nayarudisha matupu kwa mkono wa Mikidadi. Usiseme dada ana roho mbaya. Ninayo, na wewe ndiye uliyeipanda.

Shangazi anakusalimu, sijui kwa nini. Shehe na Stumai wanangu wanakusalimu pia. Msalimie Fatu, mwambie yeye simlaumu, hakuzaliwa katika jiko lile. Wewe ulizaliwa humo.

Mvua zitaanza Desemba. Upande wa mibuyu shamba la mama halijaguswa, mgongo wangu haufiki kule. Ukija na jembe utakula mpaka usaze, na siku ya kupanda nitakuacha wewe utungue mashuke. Ukija na gunia, mlango utaukuta umefungwa.

Mungu akupe afya, na aibu kidogo.

Ni mimi dada yako, akupendaye kwa shida,
Sabaha