Intavyuu Nikiwa Edani

Baba Rehema wangu,

Nimekaa mkekani nyumbani kwa mama yako, hapa Misima, nakuandikia barua ambayo hutaisoma. Nimeiacha wazi, anayetaka aisome, kwa sababu najua siko peke yangu. Wapo wanawake wengine waliokaa eda huku wameshika simu wakingoja jibu la kazi. Mimi niliogopa sana, Baba Rehema. Acha nikusimulie, maana nilizoea kila nikiogopa nakuambia wewe, wewe unanicheka kwanza, halafu ndiyo unanituliza.

Ile kazi uliyonisukuma niombe, ya uafisa ugani kwenye kampuni inayonunua ufuta, wamenijibu. Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa nachambua maharage uani. Walisema nimechaguliwa kwa usaili, utafanywa kwa njia ya video, Jumanne saa nne asubuhi, na wakasisitiza msailiwa avae nadhifu kama mtu anayefika ofisini. Niliusoma, nikajitazama. Gauni jeupe la eda, pana, halina hata kifungo cha rangi, na mtandio mweupe. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikaendelea na maharage kama vile sikuona kitu.

Ningeweza kuwajibu kwamba nimefiwa, waniache. Sikuwajibu hivyo kwa sababu ya Rehema. Siku ya kuanua matanga kaka yako alisimama mbele ya watu akasema eda ikiisha ukoo utakaa kikao, na kwamba yeye yuko tayari kumchukua mtoto akaishi naye Tanga asome, kwa vile mama yake hana kazi. Shemeji hakusema kwa ubaya. Alisema huku analia. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu hasa. Mtu mbaya ningejua namna ya kumkatalia. Mtu mwema anayekuja kukuchukulia mtoto kwa huruma, unamkatalia kwa maneno gani? Kazi yenyewe kituo chake ni Korogwe. Nikiipata, Rehema anarudi shule yake ileile na tunaishi wawili. Nisipoipata, nitakaa kwenye kikao kile na mikono mitupu, nimsikilize shemeji akipanga siku ya safari.

Kwa hiyo nikaanza kujiandaa, kwa siri, kama mwizi, kila asubuhi najiuliza maswali na kujijibu kwa sauti ya chini.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Tulikuwa kwenye chumba chetu cha kupanga Korogwe, wewe umetoka dukani kwenye spea za pikipiki, mikono bado ina grisi. Ulipindua ndoo ukaikalia, ukavaa miwani ya jua humo humo ndani, ukasema wewe ni mkurugenzi. Rehema ukamteua katibu muhtasi.

"Haya bibie," ukasema kwa sauti nzito ambayo si yako, "kwa nini tukupe wewe kazi hii?"

Nikajibu, "Naomba tu mnisaidie, nina mtoto, na maisha yenyewe..."

"Mama Rehema! Umeitwa intavyuu, hujaitwa polisi. Unajitetea kosa gani?"

Rehema alicheka mpaka akaanguka kitandani. Mimi nikanuna. Ukaniuliza tena, na tena, mpaka nikaacha kuomba nikaanza kujibu.

Na lile koti la bluu. Ulikwenda mwenyewe sokoni ukachagua kitambaa, ukampelekea fundi bila kunichukua vipimo. Fundi alipokuuliza mkeo ana mwili gani ukatanua mikono kumwonyesha. Koti likaja la kutuenea mimi na jirani kwa pamoja. Nilikutania wiki nzima, nikikuuliza kama huyo uliyempimia fundi ni mke wa nani. Ukalirudisha, likapunguzwa, likanikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Ukasema hili halivaliwi arusini wala sikukuu, hili ni la siku ya kazi. Halafu ukaumwa kichwa asubuhi moja, ukasema ni jua, na jioni yake nikawa nimekaa kwenye benchi la hospitali naambiwa nikaze moyo.

Koti nilikuja nalo huku. Lilikuwa chini ya begi langu. Siku moja mama alipokwenda kuteka maji nililitoa, nikalivaa juu ya gauni jeupe, nikajitazama kwenye kioo cha simu. Nilipendeza, Baba Rehema, na hilo ndilo lililonitisha. Mjane hapambwi. Hatii wanja, hapaki mafuta ya kunukia, havai cha kuvutia macho mpaka eda iishe, na mimi nilikuwa nimesimama nyumbani kwa mama yako nimependeza, udongo wa kaburi lako haujakauka. Nilihisi kama nimekusahau. Nililivua haraka mpaka nikakata uzi wa kifungo.

Basi nikasema nitavaa jeupe langu hilohilo. Nikaijaribu kamera. Ah! Hilo nalo lilinitoa jasho. Sijui zile simu zetu zina nini, ukivaa jeupe zinaing'arisha nguo na kuuzima uso. Niliona kitambaa cheupe kimesimama, na mahali pa uso pana giza. Mara ya mwisho kuona kitu cheupe namna ile ni siku walipokuleta sebuleni umeshavishwa sanda, wakaniita nikuage. Simu iliniponyoka. Nilikaa chini nikasoma aya zote ninazozijua, na siku ile sikuijaribu tena.

Ningemuuliza ustadhi kama mwanamke aliye edani anaruhusiwa kujitokeza kwenye video mbele ya wanaume asiowajua. Sikumuuliza. Ukishauliza na jibu ukalipata, huwezi kulirudisha.

Wala mama yako sikumuuliza. Huyo ndiye niliyemwogopa kuliko kampuni nzima. Unajua nilivyomwogopa tangu siku uliponileta kutoka kwetu Kerenge. Nilipiga goti, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akakuuliza wewe, "Huyu mwembamba hivi, jembe ataliweza?"

"Mama, huyu jembe amelisomea," ukasema kwa fahari.

"Kulisomea na kulishika ni vitu viwili," akasema, akaingia jikoni.

Miaka yote hiyo hatukugombana, lakini akitaka kusema jambo zito na wenzake anahamia Kizigua, mimi nabaki natazama midomo. Tangu ulipoondoka amepungua maneno kabisa. Ananiwekea uji, ananifulia yale mavazi meupe kwa mikono yake, na hasemi kitu. Usiku namsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta, asubuhi ameshaamka kabla yangu. Mtu asiyesema unaweza kumsingizia mawazo yoyote, nami nilimsingizia mabaya yote. Niliamini akijua ataniambia, "Mwanangu hajaoza, wewe unajiuza kwenye simu."

Jumanne ilipofika alisema anakwenda shamba. Nilishukuru Mungu. Rehema alikuwa shule anayosomea hapa kwa muda. Niliingia kile chumba chako cha ujana, maana ni dirisha lile tu linaloelekea barabarani ndilo linalopata mtandao wa kueleweka. Tangu msiba nilikuwa sijaingia humo. Nilipindua sufuria juu ya kiti, nikaiegemeza simu. Nikavaa koti. Nikavua. Nikavaa tena, vidole vikakataa kufunga vifungo, saa inakwenda. Mwisho nikalitupa kitandani kwako, nikabaki na jeupe langu, nikageuza uso dirishani ili angalau mwanga unipate. Nilitamani bando liishe.

Wakatokea watu watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo. Waliuliza mambo ninayoyajua. Mkulima akikataa ushauri wako utafanyaje? Nikasema nitamwomba kipande kidogo cha shamba lake, nipande kwa mistari, nimwachie alinganishe mwenyewe. Yule mama akaandika kitu.

Ndipo mwanaume mmoja akasema, kwa upole tu, "Samahani dada, tuliomba mvae kiofisi. Hilo vazi ni la nini?"

Nilifungua mdomo, na hapo nikagundua jambo. Tangu ulipofariki sijawahi kulisema. Hapa nyumbani hakuna wa kumwambia, wote walikuwepo. Wageni wanaokuja wanajua ndiyo maana wanakuja. Rehema aliambiwa na bibi yake. Neno lenyewe mimi sikuwa nimelitia mdomoni hata mara moja, na nadhani kuna pembe ya moyo wangu iliyokuwa inasema, ilimradi sijasema, haijawa.

"Mume wangu amefariki," nikasema. "Niko edani. Hili ndilo vazi ninaloruhusiwa."

Nilikuwa nimejisikia kwa masikio yangu nikilisema.

Na kabla hawajanijibu nikasikia vilio vinatoka barabarani. Baba Rehema, nilidhani roho inatoka. Alikuwa shangazi yangu wa Kerenge. Hakuwahi mazishi kwa sababu ya miguu yake, sasa amepata nafuu, amekuja na wanawake wenzake, na unajua kwetu anayechelewa msiba anaanza kulia tangu njiani, mpaka mlangoni, mpaka amkute mfiwa mkekani amkumbatie walie pamoja. Mkeka wangu ulikuwa mtupu. Mimi nilikuwa chumbani kwa marehemu natazamana na wanaume kwenye simu. Nikasema basi, kazi imekwenda na heshima imekwenda, na shemeji atasikia kabla ya adhuhuri.

Vilio vilifika uani. Halafu nikasikia sauti ya mama yako, hapohapo nje ya mlango wangu. Hakuwa amekwenda shamba wala popote.

"Karibuni, poleni na safari. Lakini nyamazeni kwanza."

"Tunyamaze vipi, mama, na hatujamwona mfiwa?" Huyo ni shangazi.

"Mfiwa yumo ndani, anaomba kazi. Kaeni hapo kivulini. Mtalia akimaliza."

Vilio vikakatika. Nilisikia hata kuku. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kunyamazishwa na mtu, alinyamaza. Yule mama kwenye simu, naamini alisikia kila kitu, akanisogelea kwenye kioo akauliza swali la mwisho: kazi ikianza, niko tayari kuhamia Korogwe, na nitaishi na nani huko?

"Niko tayari, eda ikiisha. Nitaishi na binti yangu," nikasema. Nilisema kwa nguvu, na aliyekuwa mlangoni alisikia.

Walisema watapiga simu. Nikazima. Nikatoka nikakaa mkekani, shangazi akanirukia, tukalia, na safari hii nililia kweli, si kile kilio cha kuwasindikiza wageni. Mama yako alikuwa anapika ubwabwa wa wageni kama hakuna kilichotokea. Walipoondoka nilimfuata jikoni.

"Mama, ulijuaje?"

"Kila asubuhi nasikia mtu anajibu maswali nyuma ya ukuta. Nikadhani unaongea na marehemu, nikakuonea huruma. Siku nyingine nikasikia unasema una stashahada ya kilimo." Akapuliza moto. "Nikajua si yeye unayemwambia, ni watu wa kazi. Yeye hilo alikuwa analitangaza Misima nzima."

Nilicheka, mkono mdomoni. Yeye hakucheka, ila alinipa ukoko, ambao unajua huwa hampi mtu.

Ni siku ya ngapi leo nangoja, sitaki hata kuhesabu. Simu ikilia naikimbilia. Likitokea jina la mtu ninayemjua napumua, halafu naanza upya. Naogopa wakisema hapana. Naogopa pia wakisema ndiyo, kwa sababu itabidi niingie kile chumba chetu cha Korogwe nikute viatu vyako mlangoni. Naogopa shambani kwa watu nikiulizwa mume yuko wapi, niwe nimeshalizoea jibu. Sikudanganyi, hofu haijaondoka, tumezoeana tu.

Jana jioni shemeji alipiga kwenye simu yangu, akamtaka mama. Tulikuwa tumekaa watatu, Rehema anaandika kazi ya shule, mama anapukuchua mahindi. Nilijua ni habari ya kikao. Nilishika mkono wa mtoto bila kukusudia, akalalamika namuumiza. Mama alisikiliza muda mrefu, anaitikia tu, ehe, ehe. Nilingoja ahamie Kizigua. Hakuhama. Alisema kwa Kiswahili, polepole, akinitazama mimi:

"Kazi ikija isije, hakuna kikao. Mtoto ana mama, na mama yake yupo."

Akanirudishia simu, akaendelea na mahindi.

Lala salama, Baba Rehema. Mungu akupanulie kaburi lako. Kwa mara ya pili nalisema lile neno, na leo nalisema kwako mwenyewe: umefariki. Mimi nipo.

Mkeo,
Mama Rehema