Mlio wa Kifaa cha Moshi

Kibera, Januari 2008

Kwa kaka yangu Geoffrey,

Mama na mimi tuko salama, ila shule bado hazijafunguliwa. Unga umeadimika, na jirani yetu Nereah anatugawia mboga za sukuma.

Uliuliza kama kile kifaa chako kidogo cha kunusa moshi kinafanya kazi, ili uwaeleze wanasayansi wenzako kwenye mkutano wenu wa kila mwaka. Kinafanya kazi. Jumapili vibanda vya chini vilipochomwa, kililia kwa sauti kali kama ya filimbi kabla hatujaona moshi.

Lakini siku hizi huku, filimbi ni ishara ya kuitana vitani. Vijana wanaolinda njia waligonga mlango.

"Mzee, unaita nani?"

Baba akawaonyesha kifaa. "Ni kadude ka moshi tu, vijana wangu. Kijana wangu alikatengeneza."

Mmoja akacheka. "Kadogo hivi, na kelele yote hiyo? Kuja uelezee wengine."

Nereah akatoka nje. "Huyo fundi ndiye alitengeneza kitanda cha mamako. Mumrudishe."

Wakasema watamrudisha, wakaondoka naye.

Hajarudi. Mama ameenda kumuulizia kwa shangazi Kawangware, nami nimebaki, Baba asije akakuta mlango umefungwa.

Usije sasa, kaka. Nenda mkutanoni. Waombe wenzako wakusaidie kutafuta mlio usiofanana na filimbi, kwa sababu huku tunahitaji sana kujua moshi unapokuja.

Nawangoja, wewe na Baba.

Mdogo wako,
Kaveke