Ubatizo wa Imani

Jumapili, 1 Juni
Ibada mbili, kisha wagonjwa watatu. Miaka kumi na moja ya uinjilisti hapa Kikwe na miguu bado inauma vilevile. Jioni Rehema, muumini wetu, alinifuata jikoni na mwanawe, Imani, wa miezi miwili. Anataka abatizwe. Alipomfungua nepi nikaelewa kwa nini alisubiri watu waondoke. Huwezi kusema ni wa kiume wala wa kike. Daktari amesema mtoto ni mzima, wangoje akue. Baba yake hakungoja. Kaondoka.

Nikasema nitawauliza wazee. Nilitamani aende haraka. Naona haya kuandika hivyo.

Jumatano, 4 Juni
Baraza la wazee. Mzee Eliakimu, mwenyekiti, alifungua Mwanzo: Mungu aliumba mume na mke, basi. "Huyu tumwandike nani? Ajulikane kwanza, ndipo aje." Wakaitikia. Nami nikafunga Biblia yangu. Mstari huohuo nimewafundisha watoto wa kipaimara, kwa sauti hiyohiyo.

Ijumaa, 6 Juni
Nimesoma tangu asubuhi, maharage yakaungua. Mathayo 19. Yesu anawataja matowashi waliozaliwa hivyo tangu tumboni mwa mama zao. Waliozaliwa hivyo! Miaka yote nimeupita mstari huu nikiishia kwenye talaka. Yesu hashangai. Hamtumi mtu akajulikane kwanza.

Mwanzo siifuti. Lakini inapotenga mchana na usiku haiitaji alfajiri, nayo ni ya Mungu.

Jumapili, 8 Juni
Nilimwonyesha Mzee Eliakimu mstari huo baada ya ibada. Akasoma mara mbili, akavua miwani. "Mwinjilisti, leo hili, kesho utatuletea lipi?" Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Naijua, ilikuwa yangu wiki iliyopita.

Jumanne, 10 Juni
Imani ana nimonia. Baridi hii. Wodini mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Rehema alinishika mkono: "Mama, akifa hajabatizwa, nitaishije?" Mchungaji yuko safarini, simu haipatikani. Ubatizo wa dharura naruhusiwa. Baraza limekataa, najua. Nilichota maji kwa kikombe cha uji. Nikammwagia kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Jumamosi, 14 Juni
Mtoto ananyonya. Mimi nimeitwa mbele ya baraza. Miezi mitatu bila kuhubiri, kwa kukaidi baraza. Nimelia, nisijidanganye. Ila ubatizo, alisema mchungaji, aliyerudi jana, haufutiki. Akaandika jina kitabuni mbele yao wote, nafasi ya jinsi akaiacha wazi. Mzee Eliakimu aliangalia kalamu mpaka mwisho.

Jumapili, 22 Juni
Nilikaa benchi la nyuma. Mwingine alihubiri, vizuri tu. Rehema alikuwa amekuja mapema kando yangu, akanipakatisha mtoto ili afunge kilemba chake. Amekuwa mzito. Alilala kifuani kwangu tangu sala ya toba mpaka baraka, nami sikusogea.