Skrini Imekwama Kwenye Lango la Ngome

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla theluji haijayeyuka, maana ikiyeyuka tu duka letu la tofu, ile jibini ya soya, hapa Murakami, Japani, linabomolewa, na mimi nimebaki njia panda kwa jambo ambalo nikimsimulia mtu atanicheka, mwanamke wa miaka arobaini na nne kulilia mchezo wa televisheni.

Tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu Yasunori, aliyenizidi miaka sita, na tulikuwa na mashine ile ya zamani ya kuchomeka kaseti, televisheni ya kichogo, padi mbili za kubonyezea, na mchezo mmoja tulioupenda kuliko chakula, *Wana wa Chemchemi*. Haukuwa mchezo wa kungoja zamu kama foleni ya benki, Mama, hapana, ukibonyeza upanga unapiga hapo hapo, na kadiri unavyopigana ndivyo unavyokua, unanunua viatu, unalala nyumba ya wageni, na ule muziki wa msituni mpaka leo nauimba nikichuja maziwa ya soya. Tena mnakwenda wawili kwenye skrini moja, na mmoja akibaki nyuma skrini haisogei. Mimi nilikuwa nazubaa nikifyeka majani kutafuta vito, naye ananifokea, “We kobe, sogea! Skrini imekwama!” nami najibu, “Nisubiri bwana, la sivyo nakusemea kwa mama!” Siku moja mama akaigonga ile mashine akifyonza vumbi, safari yetu yote ikafutika, nikaangua kilio, Yasunori akanifuta kamasi akasema, “Nyamaza, tunaanza upya. Sasa hivi njia si tunaijua?”

Alipomaliza shule alikataa kurithi duka, naye ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, baba akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, akafunga begi. Kwenye mchezo tulikuwa tumefika lango la ngome ya mwisho, anamokaa joka. Akavaa viatu pale mlangoni akaniambia, “Usiingie bila mimi. Nikija sikukuu ya Bon tunalimaliza lile joka.” Bon ndiyo siku za kiangazi ambapo kila mtu hurudi kwao kuwakumbuka wafu. Bon ikaja, hakuja, na nyingine, na nyingine, hadi duka nikalishika mimi, na mume wangu Haruhiko akakubali kuchukua jina la ukoo wetu na kuamka alfajiri kusaga maharage.

Baba alipofariki Yasunori alikuja, akakaa nyuma kabisa pamoja na wateja, akatoa bahasha ya rambirambi kama mgeni yeyote, akaondoka kabla ya chakula. Nikamtumia shukrani anayotumiwa kila mgeni wa msiba, kama ada inavyotaka, boksi la chai na kadi iliyochapwa. Tangu hapo kimya.

Sasa juzi nikisafisha stoo nimeikuta kaseti. Nimeiwasha. Mama Mshauri, bado tumesimama pale langoni, mimi na yeye! Wangu anatembea, wake amesimama tu, nikifika ukingoni nakwama. Muuza michezo ya zamani ananiambia kibetri kinachotunza kumbukumbu kimepitiliza umri wake, ipo siku nitaiwasha nisikute kitu. Haruhiko anasema, “Nipe padi ya pili tumalize, mke wangu, joka si litakufa tu?” Mama yangu anasema, “Mpigie.” Namba ninayo. Lakini naogopa, kwa sababu nikimpigia halafu akaniuliza, “Mchezo gani?”, nitakuwa nimebaki na nini?

Ni mimi, Kobe wa Murakami.

*

Kobe mwanangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako hadi chai yangu ikapoa, na kwa hiyo chai naanza kukugombeza. Hivi kweli? Kaka yako wa tumbo moja anakuja kumzika baba yake, anakaa nyuma na wateja, na wewe unamtumia boksi na kadi ya kuchapwa? Ile bahasha alikuwa anauliza kama bado ni mtu wa nyumba hiyo, nawe ukamjibu kwa posta kuwa ni mgeni. Najua hukukusudia, ulifuata adabu. Lakini mtoto wa nyumbani harudishiwi rambirambi, anashikwa mkono akalishwe!

Mumeo ni mtu mwema, mpikie kitu kizuri, ila hiyo padi asiiguse. Na usiruhusu mtu aifungue kaseti kubadilisha betri, maana ikichomolewa hivi hivi tu kumbukumbu nayo inaondoka. Izime, iache ilipo.

Unaogopa atasema, “Mchezo gani?” Huenda akasema, miaka imepita zaidi ya thelathini. Basi utalia kidogo, utamwambia ni upi, na yeye atakuwa bado yuko kwenye simu. Betri hata ikifa, si alikufundisha mwenyewe kuanza upya?

Jumapili hii, mkishafunga duka, mpigie. Usianze na kubomolewa kwa duka, usianze na kaburi la baba, wala usimwambie mama amezeeka. Hayo anayajua, na ndiyo yanayomzuia kupiga. Akipokea, mwambie hivi tu: “We kobe, sogea. Skrini imekwama.”

Halafu nyamaza, umsubiri.